Saa Kumi na Moja Angani

"Mdogo wako mbona hajafika?" Mama aliuliza tena, macho kayafumba.

Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Anaweweseka, Mwalimu alijiambia. Huyo mdogo wake, aliyempachika jina la Bwana Ughaibuni, alipanda ndege miaka tisa iliyopita na tangu hapo hajakanyaga nyumbani. Kila akiambiwa aje, wimbo wake ulikuwa mmoja: "Dada, ni saa kumi na moja angani. Huku si jirani."

Saa kumi na moja! Mtu aliyefeli jiografia mwaka hadi mwaka, leo anamfundisha umbali mwalimu wa jiografia.

Kwa kawaida Mwalimu alikuja hospitali jioni, akimaliza vipindi. Leo daktari alimpigia simu alfajiri: mgonjwa hafiki jioni. Akaomba ruhusa, akaja kuketi kando ya kitanda, akiikagua wodi kama akaguavyo madaftari ya wanafunzi wavivu. Angalau shuka za mama zilikuwa nyeupe, zimenyooshwa kwa pasi, si kama yale matambara ya kijivu ya vitanda vingine. Alijipongeza. Wiki ya kwanza aliwafokea wauguzi, na kumbe yaliwaingia. Watu wa aina hii bila kufokewa hawaendi.

"Mwite," Mama alisema. "Nataka kumwona."

Mwalimu alitoka hadi koridoni, akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mdogo wake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Mama anakuulizia. Ni leo tu, hakuna kesho."

"Dada, wewe uko hapo mpaka saa ngapi?"

"Swali gani hilo? Siondoki!"

Mashine ziliendelea kunguruma.

"Basi nakuja," alisema, akakata.

Mwalimu alicheka peke yake, kicheko kibaya. Nakuja! Alichomoa karatasi ya mtihani mkobani, akaigeuza, akapiga hesabu kwa hasira. Kilomita elfu nane na mia tisa. Ndege ikienda mia nane kwa saa, ni hizo saa kumi na moja na dakika zake. Ongeza saa tatu za kubadilisha ndege, foleni ya pasipoti, teksi. Hata kama sasa hivi angekuwa kitini amefunga mkanda, angekikuta kitanda kitupu. Mama anakata roho, na bado mtu anamwongopea! Alimchukia kupita alivyowahi kumchukia.

Akarudi ndani. "Eti anakuja," alisema, akiyatema maneno.

Mama alitabasamu kidogo. Ndivyo alivyomdekeza siku zote, na matokeo ndiyo haya. Mwalimu aliikunja karatasi yake mara mbili.

Alikuwa bado anaitafutia nafasi mkobani mlango wa wodi ulipofunguliwa. Mdogo wake aliingia akihema, hana begi wala koti. Alivaa aproni ya plastiki ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mikono ya shati imelowa mpaka viwikoni, na kwapani alibana shuka nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi.

Hakumtazama dada yake. Alipiga magoti kando ya kitanda. Mama alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akampapasa kichwani.

"Leo umechelewa," alisema.