Chuma Kinachopenda Kipigo

Kaka alicheka hadi machozi nilipobuni ngao ya chuma cha uchawi kwa mchezo wetu wa mezani wa mashujaa na majoka.

“Laini kama unga uliokandwa? Ngao ya hivyo ya nini, dada?”

“Kila kikipigwa kinazidi kuwa kigumu. Unakubali?”

“Haya, shauri yako!”

Yeye ndiye mwendesha mchezo, na joka ni lake. Mchana kutwa alirusha dadu, akaitwanga ngao yangu kwa raha zake. Binamu zetu walinionea huruma.

Mimi ni fundi bati. Nyundo naijua.

Niliweka kidole changu chenye kovu juu ya joka la plastiki.

“Nalipiga kwa ngao.”

“Ina ugumu gani?”

“Si umeitwanga wewe? Niambie.”

Kaka akaanza kuhesabu vipigo vyake kwa vidole. Binamu zetu walishapanda juu ya viti, wakinishangilia.