Maji Yamevuka Mpaka

Mtaalamu wa mito alifuata mstari wa mto kwenye picha ya setilaiti kwa ukucha wake uliokatika. Juzi ulikuwa mwembamba kama uzi. Leo ulikuwa umenenepa na kuvuka mpaka. Kumbe mwenzake wa nchi jirani, kule mto unakotokea, hakumdanganya aliposema wamefungua bwawa.

Akampigia mama yake, aliyeapa kuung'oa mpunga wake unaokauka.

"Mama, usiung'oe! Maji yanafika kesho."

"Nani kakwambia?"

"Nimeyaona kwenye picha. Majirani wamefungua."

"Wale wezi wa maji?"

"Hao hao."

Kikasikika kishindo cha jembe likitupwa chini.

"Haya, wasalimie sana. Waambie wasifunge mpaka nivune."