Kwato ya Digidigi

Fisi, mwenye timu ya mpira, alikuwa na desturi yake. Mchezaji mpya hukanyaga udongo mbichi, alama ya kwato iwe ndiyo sahihi ya mkataba wake, na mpaka udongo huo upasuke, hulishwa pumba tu. Digidigi alikanyaga, akaibeba timu kwa mbio zake msimu baada ya msimu. Mahindi ambayo hakupewa, Fisi aliwalipa Nyati na Kifaru waje wamkinge Digidigi uwanjani.

Udongo ulipopasuka, Digidigi alikuja akichechemea.

"Mzee, sasa nipe mahindi. Nina watoto."

"Nikikupa wewe, Nyati na Kifaru watakula nini?" Fisi akacheka. "Nenda salama, mwanangu."

Mlangoni Digidigi alimkuta mdogo wake mbele ya udongo mbichi.

"Usikanyage, mdogo wangu! Watakumaliza miguu, kisha wakufukuze."

"Una wivu tu, kaka," alijibu mdogo wake, akakanyaga.