Mume wa Sikudhani Apewa Nchi

Siku hizo waziri mkuu alipatikana kwa bahati nasibu, na mwenzi wake ndiye aliyeulizwa kama anafaa. Safari hii bahati ikamwangukia Kibwana.

"Anafaa, mama?" afisa alimwuliza mkewe, Sikudhani.

Sikudhani alikuwa hoi. Miaka yote yeye ndiye aliyeamua kila jambo nyumbani, hata mtoto wao alipozidiwa na homa, Kibwana akabaki kusimama mlangoni akisema, "Sijui, tusubiri." Sikudhani alitamani serikali imchukue, naye apumzike.

"Anafaa," akajibu.

Wiki hiyohiyo simu ililia Sikudhani akisonga ugali. Sauti ya Kibwana ilikuwa ikitetemeka.

"Mama Siwema, majeshi ya jirani yamevuka mpaka. Majenerali wananisubiri. Niwaambie nini?"

Sikudhani aliepua sufuria, akaketi.

"Vuta pumzi kwanza, baba Siwema," alisema kwa uchovu. "Wamevukia wapi?"