Sentensi Moja

Zamani sheria za kupinga ubaguzi zilijaza makabati. Siku hizi imebaki sentensi moja, nayo imeandikwa ukutani kwa kila jengo: Asitendewe mtu tofauti na mwenzake. Hata mtoto wa chekechea anaisema bila kukosea.

Kwa sentensi hiyo hiyo, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu iling'olewa, maana haikuwa ya wote. Tangu hapo Namsifu humfunga kwa kanga mgongoni mwanawe Mbonea, ambaye miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa, akapanda naye hadi ghorofa ya tatu.

Leo walimkuta mkaguzi mlangoni mwao, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Jicho la kamera ya ngazini limekuona ukimbeba huyu. Na dada yake, unambeba?"

Namsifu alikaza fundo la kanga. Mzazi akibainika anapendelea, hunyang'anywa watoto wote, bila ubaguzi.

"Ananibeba," alidakia Navoneiwa, binti yake wa sekondari, aliyekuwa nyuma yao na mikoba. "Ila zamu yangu bado."

"Basi nitasubiri."

Namsifu akamketisha Mbonea kizingitini, akashuka na Navoneiwa mpaka chini. Binti akamdandia mgongoni, miguu yake mirefu ikiburuza kwenye ngazi, akamnong'oneza, "Pole, mama."

Walipofika juu, mkaguzi aliwapigia makofi kwa dhati. Namsifu alikuwa bado anahema, jasho likimtiririka, aliposikia swali lililofuata, likiulizwa kwa upole ule ule.

"Na wewe, mama, hubebwa na nani?"