Bomba la Mjukuu

"Mama, limejaa! Njoo uone, limejaa!" Ndeshi alipiga kelele barazani, huku akirukaruka kama hakujifungua juzi.

Siku hizo kila mtu alikuwa na bomba lake la mchicha, unaoota majini bila chembe ya udongo. Asiye na bomba lenye majani haruhusiwi kulala nyumbani, na kichanga hatoki hospitali mpaka la kwake lijae. Jana bomba la mtoto wa Ndeshi lilikuwa na vijiti vilivyonyauka tu.

"Si nilikwambia Mungu halali?" alijibu mama mkwe wake, Bibi Naelijwa, akifuta mikono kwenye kanga. Alfajiri, alipomaliza kusali, alikuwa amehamishia kwenye bomba la mjukuu miche yote ya bomba lake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa upole kama anabeba vifaranga.

Mkaguzi wa mabomba alifika, akainua mizizi myeupe, akatabasamu. "Hongereni! Kamchukueni mtoto wenu."

Vigelegele vikapaa, na Bibi ndiye aliyeviongoza, akicheza kama bibi harusi.

Mkaguzi akachungulia ndani, chini ya taa. "Na hili tupu, ni la nani?"

Ndeshi akamgeukia mama mkwe wake. Bibi Naelijwa akapiga kigelegele kingine, kirefu kuliko vyote.