Bibi Harusi Kwenye Katapila

Bibi harusi alipandisha gauni lake jeupe hadi magotini, akalifunga fundo ubavuni, akapanda katapila.

"Bibi, shuka!" meneja wa kiwanda akapiga kelele. "Watu watasema nini?"

"Watasema umepata dereva," akamjibu, akawasha injini.

Meneja akarudi nyuma kumpisha. Muda mfupi tu uliopita walikuwa ndani ya gari lililopambwa maua, yeye akimsindikiza bibi harusi ukumbini, simu ilipolia kutoka bandarini. Dereva wa katapila alikuwa ameteleza ngazini, kifundo cha mguu kimeteguka. Nusu ya mzigo ilikuwa bado imerundikwa uwanjani, kando ya meli. Na kule kusini wingu lilikuwa limetanda, jeusi tititi.

Mzigo wenyewe ulikuwa vidonge vya mbao: maranda na vumbi la msumeno vilivyokaushwa na kushindiliwa mpaka vikawa vipande vigumu, vyembamba kama kalamu. Ng'ambo kulikuwa na mtambo wa umeme ulioachana na makaa ya mawe. Sasa ulitaka kuchoma vidonge hivyo, kwa kuwa mti ukikatwa hupandwa mwingine. Hii ilikuwa shehena ya kwanza ya kiwanda kwenda huko. Ikikubalika, kiwanda kitasimama imara; ikikataliwa, kila mtu atafute pa kwenda. Na vidonge vina adui mmoja tu. Vikinyeshewa vinafura, vinapasuka, vinakuwa uji.

"Tone la kwanza likianguka, nafunga mifuniko ya meli," nahodha alikuwa amesema kwenye simu. "Kitakachobaki chini ni chenu."

Meneja aliposhika kichwa kwa mikono miwili, bibi harusi alimgusa begani aliyekuwa akiendesha gari la maua. "Kata kulia, mwanangu. Twende bandarini."

Katapila lile alilijua kama jiko lake. Alikuwa dereva wake miaka na miaka, kabla hajaagwa kwa hotuba na keki. Sasa alilirudisha nyuma, akalizungusha, akachota, akamwaga kwenye mkanda uliopandisha vidonge melini. Shela ilipepea dirishani kama bendera. Alichota tena. Alikuwa akiimba, ingawa kwa ngurumo ile hakuna aliyejua anaimba nini.

Msafara mzima wa harusi ulikuwa umemfuata nyuma, honi juu. Wifi yake alivua viatu vipya akashika ncha ya turubai. Wengine wakashika ncha zilizobaki, suti na vilemba na vyote, wakaanza kuifunika ile sehemu ya rundo ambayo haijafikiwa. Bendi haikuambiwa lolote, ikaamua kupiga. Mpiga picha alikimbia huku na huku akilia kwamba hajawahi kupata kazi tamu kama hii.

Kisha bwana harusi mwenyewe akatokea getini, ua kifuani, amechoka kungoja ukumbini. Watu wakageuka kumtazama. Hata bendi ikakatika.

Alilitazama katapila. Akamtazama aliye juu yake. Tabasamu likamwenea mpaka masikioni. Akavua koti, akaokota ufagio, akaanza kukusanya vidonge vilivyotawanyika.

Bendi ikalipuka upya.

Kila mara katapila lilipompita, lilipiga honi mbili fupi. Kila lilipopiga honi, bwana harusi alibusu kiganja chake na kukipuliza kuelekea dirishani.

"Hawa hawaoni haya?" wifi akauliza, akicheka mpaka machozi.

"Acha waone raha," mtu akamjibu kutoka upande wa pili wa turubai.

Upepo ukabadilika. Turubai likavimba, likataka kuwabeba. Rundo likawa kilima, kilima kikawa kichuguu. Nahodha alisimama juu melini, kiganja wazi, akiisubiri mvua kwa ngozi yake.

"Ondoa turubai!" bibi harusi akapaza sauti. Wakaliondoa. Akachota mara ya mwisho, akamwaga, mkanda ukapandisha. Kidonge cha mwisho kilitumbukia melini, mifuniko ikajifunga kwa kishindo, na mvua ikaanguka kama iliyokuwa imezuiwa kwa mlango.

Hakuna aliyekimbia. Walicheza papo hapo uwanjani, wakilowa chapachapa. Meneja alimkumbatia mpiga tarumbeta asiyemjua hata jina. Meli ikapiga honi ndefu, nahodha akavua kofia kwa heshima, na bibi harusi akateremka na kuangukia mikononi mwa mpenzi wake. Wote wawili wakayumba, wakadakwa.

Ukumbini waliingia wakichuruzika maji. Msajili wa ndoa, kijana aliyeajiriwa juzijuzi na kuonywa asiruke swali hata moja, alikohoa kidogo. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Je, nyote wawili mmefikisha umri wa kuoana?"

"Vitukuu vyangu hao, wamejaa mstari wa mbele," bibi harusi akamjibu. "Hebu tufungishe ndoa, mwanangu, kabla mwenzangu hajasinzia."